Fundi Aliyetuita Sote Misisi

Siku tulipomzika Fundi, jamaa aliyeshika maikrofoni aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mama tunamwitaje? Misi ama Misisi?"

Nikamjibu, "Misisi."

Dada yake Fundi aligeuka kuniangalia. Akina mama wa kanisa waliokaa nyuma yangu wakatazamana, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba Fundi hakuwahi kuolewa, si kanisani wala kwa mila. Yule jamaa alingoja kidogo, labda nibadilishe. Sikubadilisha. Wengine mpaka leo wanasema nilijibu hivyo kwa sababu ya huzuni, wengine wanasema ni ujeuri wa wasichana wa siku hizi. Acha nieleze vile nilimjua, halafu kila mtu ataamua mwenyewe.

Jina lake sitaliandika. Miaka yote niliyokaa jirani yake sikulitumia hata siku moja. Tulimwita Fundi, na yeye alitaka hivyo.

Kibanda chake kule Mwiki, Ruiru, kilipakana na saluni yangu. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mabati tu, kwa hivyo mimi nilisikia cherehani yake na yeye alisikia ndoto zangu. Maana mimi ni mtu wa ndoto, siwezi kukataa. Nikiwa nasuka mteja nilikuwa nampigia Fundi kelele kupitia mabati: nitafungua saluni yenye mlango wa kioo, na vioo vyenye balbu kuzunguka, na kochi la kungojea, na chai ya bure. Naye anajibu kutoka upande wa pili, "Na mapazia nani atashona?" Hakuwahi kuniambia hiyo saluni haiwezekani. Aliuliza tu mapazia yatakuwa ya rangi gani.

Kitu cha kwanza mgeni alichokiona kwa Fundi ni salamu yake. Kila mwanamke aliyeingia pale, awe nani, aliambiwa, "Misisi, karibu. Tunashona ama tunarekebisha?" Msichana muuza nyanya aliyemaliza shule juzi, Misisi. Mwanafunzi wa chuo mwenye pete puani, Misisi. Shosho mwenye mvi aliyekuja na sketi ya kanisa iliyofumuka kiunoni, Misisi. Siku moja alikuja mtawa kutengenezewa mkono wa gauni lake, naye akaitwa Misisi. Yule mtawa alicheka mpaka akashika meza.

"Fundi, mimi sina bwana. Mimi niliolewa na Yesu."

"Basi si nimesema ukweli," Fundi akamjibu, na futi tayari iko begani kwa mtawa. "Nyosha mkono, Misisi."

Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliyofungua saluni aliniita hivyo, nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu. Nilimwambia, "Fundi, mimi hata boyfriend sina." Akasema hajauliza. Baadaye, tulipozoeana, nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Alikuwa anaweka uzi kwenye sindano, akamaliza kwanza.

"Ukimwita mtu Misi, umemuuliza swali mbele ya watu," alisema. "Sasa yeye anasimama hapo, anaanza kujieleza kwa uso. Ukimwita Misisi hilo swali umelifunga. Mnaendelea na mambo ya zipu."

"Na kama hana bwana?"

"Mimi napima kiuno. Bwana sipimi."

Wanaume hakuwapa chochote. Aliwaita kwa majina yao tu, au "kijana," hata mzee wa duka la mbao aliyekuwa na wajukuu. Siku moja huyo mzee alileta suruali ya kupunguzwa, akakuta Fundi anasema Misisi huku na Misisi kule, akaona yeye amesahauliwa.

"Fundi, wanawake unawapa heshima. Mimi Mista yangu iko wapi?"

"Wewe ulizaliwa nayo," Fundi akasema. "Ulikuwa Mista ukiwa bado kwa wazazi wako, ukawa Mista ulipooa, na mkeo akikutoroka leo bado utakuwa Mista. Hakuna siku umewahi kuulizwa. Mimi nikuongezee nini?"

"Mke wangu hawezi kunitoroka."

"Nimeona hii suruali. Anafikiria."

Mzee alicheka, lakini nilimwona anaondoka polepole kama mtu anayewaza.

Mtu akisikia hivyo anaweza kufikiri Fundi hakujali mambo ya ndoa. Hapana. Sijawahi kuona mtu anayependa harusi kama yeye. Jumamosi, kama kulikuwa na harusi katika kanisa lolote la karibu, alifunga kibanda mapema akaenda kusimama nje ya lango, bila kualikwa, kuangalia gauni likishuka kwenye gari. Jumatatu ananipa ripoti: pindo lilikuwa limevutwa, mgongo ulikaa vizuri, lakini bibi harusi alivishwa kitambaa kinachowasha, maskini, alijikuna mpaka kwenye kiapo. Alikuwa mkali pia kwa vijana wanaokaa na wasichana bila kwenda kwao, yale mambo tunayoita come-we-stay. Kuna kijana wa bodaboda aliyekuja kuchukua dera la msichana wake.

"Dera liko tayari," Fundi akamwambia. "Wewe uko tayari?"

"Tayari kwa nini, Fundi?"

"Kwenda kwao. Mbuzi wa mahari wamefika?"

"Mambo bado ni ngumu, Fundi. Mwaka ujao."

"Haya. Dera pia ni mwaka ujao."

Kijana alifikiri ni mchezo. Dera lilikaa kwenye msumari mpaka akaja na kaka yake mkubwa kuapa kwamba siku ya kwenda kwa kina msichana imepangwa. Mimi nilicheka sana nyuma ya mabati. Nilidhani ni roho tu ya mama mkali. Sikujua alikuwa anamwona nani kwenye uso wa yule kijana.

Kazi iliyompa jina pale Ruiru ilikuwa ya kushona vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa. Hivyo vitambaa si vya kila mtu. Anayevishwa ni mwanamke aliyefunga ndoa kanisani, na siku ya kuvishwa watu huja na chakula na nyimbo na zawadi. Fundi alivishona kwa mkono mwepesi ambao sijui niuelezeje. Alivinyoosha kwa pasi ya makaa, na ili kuona kama vinakaa sawasawa alivifunga kwenye sufuria iliyogeuzwa juu chini. Sufuria ya kupikia ugali, imesimama mezani na kitambaa cha kanisa. Wateja wakiingia walimtania: "Fundi, sufuria yako imeingia chama cha akina mama kabla yako." Naye anasema, "Hiyo imenyooka kuliko wengi wenu." Wote wanacheka.

Kichwani mwake hakuwahi kuviweka, hata kwa kupima. Alivaa kofia ya sufu, jua ama mvua.

Na hapa ndipo palinisumbua. Yeye aliyetugawia wote lile neno, mwenyewe hakulipokea. Mara moja mke wa mchungaji alikuja kuchukua vitambaa vya sherehe, akafurahi sana, akasema, "Asante, Misisi Fundi. Mungu akubariki." Cherehani ikanyamaza. Fundi akasema bila kuinua macho, "Mimi ni Fundi. Hiyo nyingine si yangu." Akaendelea kushona. Mke wa mchungaji alinipitia saluni akiwa ameshangaa, akaniuliza kama amemkosea. Mimi pia nilijaribu siku moja, kwa utani, nikamletea chai nikasema, "Misisi, chai iko hapa." Aliangalia kile kikombe kama kwamba nimetia chumvi. "Shiko," akaniita kwa jina, kitu ambacho hakuwahi kufanya, "usirudie." Alikunywa chai mpaka ikaisha, lakini hatukuongea tena siku hiyo.

Tangu hapo nilikuwa na hamu ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja naye akubali kuitwa hivyo. Haikuonekana sawa kwangu, mtu kuwavika watu wote halafu yeye abaki nje kwenye baridi.

Vijana wengine walikuwa na mawazo tofauti. Yule mwanafunzi mwenye pete puani, siku alipokuja kuchukua blauzi yake, alimwambia Fundi kwa heshima kwamba hayo mambo ya Misi na Misisi yamepitwa na wakati. Alisema huko chuoni wanatumia neno la katikati, ambalo halimwambii mtu kama umeolewa ama hujaolewa. Linamtosha kila mwanamke.

Fundi alimsikiliza vizuri. Alipenda watoto waliosoma.

"Ni kama zile nguo za mtumba zinazosema saizi moja inatosha wote," alisema. "Umewahi kuvaa?"

"Nimevaa."

"Zilikukaa?"

Msichana akacheka, akasema hapana.

"Basi. Lakini nyinyi mna haki," Fundi akaongeza, na hilo sikulitarajia. "Yangefutwa yote ningefurahi. Ila kwanza kila mtu apewe, halafu ndiyo tufute. Usifute wengine wakiwa hawajawahi kupata."

Mimi nilikuwa upande wa yule msichana, na bado niko. Katika saluni yangu ya mlango wa kioo hakuna atakayeulizwa kama ameolewa ndiyo nijue jinsi ya kumsalimia. Lakini kuna kitu nilikiona kuhusu mama yangu, na kikanifanya nipunguze mdomo.

Mama alinizaa akiwa kwao na hakuna aliyekuja kumposa. Amenilea kwa kuuza mboga sokoni, kule Thika. Shuleni kwangu walimu walimwita Misi, na waliposema hivyo niliona wazazi wengine wanaangalia viatu vyao. Siku alipokuja kunitembelea Ruiru, mkanda wa pochi yake ulikuwa umekatika, nikamwambia apeleke kwa jirani. Nikasikia kupitia mabati: "Misisi, karibu. Keti hapa, hicho kiti kingine kinayumba."

Halafu mama akaanza kuongea, na sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu ambaye hana haraka. Aliongea na Fundi kuhusu mvua, kuhusu bei ya sukuma, kuhusu mimi. Mkanda ulishonwa ukaisha na bado ameketi. Aliporudi saluni aliuliza, "Ulimwambia nimeolewa?"

"Sikumwambia kitu, mum. Anaita kila mtu hivyo."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

Nilidhani atavunjika moyo. Akafunga na kufungua ile pochi. "Ni sawa," akasema. "Hata kama ni kila mtu." Jioni nilipomsindikiza stendi alikuwa anatembea akiwa amenyooka.

Fundi alianza kuugua kifua wakati wa baridi. Kwanza alisema ni vumbi la vitambaa. Halafu cherehani ikawa inasimama katikati ya mshono, nami nasikia kikohozi badala yake. Nikimletea uji anasema niweke hapo, na jioni nautoa ukiwa na ngozi juu. Siku moja nilifungua saluni nikakuta kibanda kina kufuli, na dada yake akaniambia wamemhamisha Thika, nyumbani kwa huyo dada, mtaa wa Landless, ili asiwe peke yake. Sasa pale kwenye kibanda pana duka la vifuniko vya simu. Kijana anayeuza ni mzuri, lakini anacheza muziki siku nzima, na ninapopigia mabati kelele kuhusu mapazia hakuna anayeuliza rangi.

Nilikwenda kumwona alasiri ya Jumapili. Nilibeba mafuta ya nywele, kitana, na kitambaa kimoja cha kichwa alichokuwa amekishona yeye, ambacho mteja wake alihama kabla hajakichukua. Mke wa mchungaji alinipa akasema nitajua cha kukifanyia. Fundi alikuwa ameketi nje uani kwenye kiti cha plastiki, shuka miguuni, amepungua sana. Aliponiona alisema, "Misisi wa saluni. Umefunga biashara ya watu?"

"Leo nimekuja kusuka hapa. Toa hiyo kofia."

Alikataa, halafu akaitoa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na laini kama za mtoto. Nikasimama nyuma yake nikaanza kuzigawa, matuta madogo ya kurudi nyuma. Sisi wa saluni tunajua kwamba mtu akikaa bila kukuona usoni, na mikono yako iko kichwani mwake, anaweza kusema kitu chochote. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe.

Alisema hapa hapa Landless aliwahi kukaa na mwanamume, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mtulivu aliyependa chai ya tangawizi. Walikaa miaka mingi. Watoto wa majirani walizaliwa, wakaenda shule, wakamaliza. Watoto wao wenyewe hawakuja. Kila Januari yule bwana alisema mwaka huu tutapeleka mbuzi kwenu, na kila mwaka kulikuwa na kitu: mara karo ya mdogo wake, mara paa la mama yake. Yeye hakumsukuma. Alimpenda, na watu wote walikuwa wanamwita Misisi na jina la bwana yake: dukani, kanisani, hata wanafunzi wa uchomeleaji. "Nilijua ni yangu," alisema. "Nilikuwa nalala nayo, naamka nayo."

Kisha bwana akaanguka kazini, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Wakamzika kwao kijijini.

"Unajua vile wanaita watu kuweka maua," Fundi akasema.

Najua. Kaburi likishafunikwa, mwenye maikrofoni anaita kwa mpangilio: mjane kwanza, kisha watoto, wazazi, ndugu, halafu wafanyakazi wenzake na marafiki. Kila mtu anakuja na ua lake anachomeka kwenye udongo.

"Nilikuwa na ua mkononi. Nimesimama karibu, nangoja. Dada zake waliongea na yule wa maikrofoni. Nilimsikia mmoja akisema mbuzi hata mmoja hajafika kwa kina huyu, mjane wa nani. Mama yake akaitwa kwanza. Ndugu wakaitwa. Majirani wakaitwa, Shiko, na mimi bado nimeshika ua. Mwisho ndiyo nikasikia." Alivuta shuka juu kidogo. "Misi fulani, pamoja na marafiki kutoka Thika."

Mikono yangu ilikuwa imesimama. Akasema endelea, nikaendelea.

"Walinivua mbele ya watu. Na maikrofoni. Watu wa Landless waliokuja na mimi, wale walioniita Misisi miaka yote hiyo, waliporudi hapa wakaanza kuniita Misi. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamesikia vile imetangazwa. Nikahama, nikaenda Mwiki mahali sijulikani."

"Na huko ukaanza kuita kila mtu."

"Nilifikiri, tukiwa wote tumevaa, nani atajua wa kumvua?"

Nilimaliza tuta la mwisho bila kuona vizuri. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia: kwamba wale watu walikosea, kwamba siku hizi mambo yanabadilika, kwamba katika saluni yangu hakuna atakayeulizwa. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomtosha. Nikatoa kile kitambaa kwenye mfuko. Nilikifunga kichwani mwake polepole, vile nilimwona akikifunga kwenye sufuria, kona hii chini ya ile, na fundo nyuma. Alijua ni nini alipokigusa kwa vidole. Nilidhani atakitoa.

Nikaja mbele yake nikachuchumaa, nikamshikia kioo changu cha kazi.

"Misisi," nikasema, "jiangalie."

Alijiangalia. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anaosha vyombo. Nilingoja aniambie nisirudie. Midomo yake ilisogea kidogo, akakohoa, akapangusa mdomo kwa kona ya shuka.

"Rudia," akasema.

"Misisi."

Akafunga macho. Alikaa hivyo muda, kama mtu anayesikia nguo mpya ikitulia mwilini. Nilimuuliza kile ambacho yeye aliwauliza wateja wake wote, kwa sababu sikujua kingine cha kuuliza.

"Imekaa, ama inabana?"

Aliweka mkono kifuani.

"Inabana kidogo hapa," alisema. "Lakini usiitoe. Nitaivaa tu hivyo."